Baba wa Alisi

Sehemu kubwa ya haya niliambiwa na mjukuu wangu Wanja, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tano, tukichambua mboga za managu hapa nyuma ya nyumba yangu Mwihoko. Mengine niliyaona mwenyewe. Na moja ni kosa langu, hilo nitalisema likifika mahali pake.

Wanja ni wajina wangu. Ni binti wa pili wa binti yangu Njambi, na kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama yake. Mnaojua mnajua, lakini bila hilo hadithi hii haisimami. Mvulana wa kwanza anachukua jina la baba ya baba yake, wa pili anachukua jina la baba ya mama yake. Wasichana vivyo hivyo. Ndivyo nilivyokuta.

Alisoma historia chuoni pale Kahawa Wendani, akamaliza, akavaa ile kofia ya mraba tukapigwa picha. Baada ya picha hakuna kilichofuata. Miaka minne. Alifundisha shule moja ya kibinafsi, ikafungwa katikati ya muhula. Akauza nguo za watoto kando ya barabara Githurai, askari wa kanjo wakabeba gunia lote. Mwisho mama yake akampeleka kwa ajenti mmoja anayeitwa Nzomo, wa kupeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Pasipoti ilitoka ikabaki kwa Nzomo. Ndege ikawa ya Jumapili, tarehe ishirini na sita, jioni.

Mimi sikusema kitu. Lakini mlango wa tatu kutoka kwangu anakaa mama Mbinya. Binti yake Mbinya alienda na Nzomo huyo huyo, na sasa ni miezi saba hajapiga simu. Mama yake huweka simu juu ya dirisha, pale mtandao unaposhika, na jiko lake amelihamisha karibu na dirisha ili asiwe mbali ikilia. Kila nikipita nikaona hilo jiko, nilikuwa nahesabu siku za Wanja.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, Wanja akapata kibarua cha kujaribiwa kwa Irshad. Huyo ni kijana wa Thika mjini. Baba yake anauza vitambaa, na juu ya duka Irshad ana chumba chenye kompyuta tatu. Kazi yake ni kuwatafutia wazungu mababu zao.

Wanja aliponiambia nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Nilichuma kahawa ya mzungu tangu nikiwa msichana mdogo hadi lile shamba likageuzwa nyumba za ghorofa, na kitu kimoja nilichokuwa nimeamini ni kwamba mzungu anajua anakotoka. Picha za babu zake zilijaa ukutani, zote na masharubu.

"Kwani walipotezaje mababu?" nikamwuliza.

"Cucu, huyu anatafuta wa miaka mia saba iliyopita."

"Mia saba! Na wa juzi amewamaliza?"

"Amewamaliza wote. Amebakisha mmoja tu."

Aliyekuwa anatafuta ni mzee mmoja huko Uingereza, Bwana Ashwold, wa miaka themanini na nne, mgonjwa wa mapafu. Kwenye simu unasikia kwanza mashine ya kupumua, halafu ndiyo yeye. Alikuwa anaandika kitabu cha ukoo wake na alitaka kitoke akiwa hai. Alikuwa amefika mpaka kwa mtu mmoja, Rojeri Ashwold, mwenye shamba, na mke wake Alisi. Hapo akakwama. Alisi alikuwa binti ya nani? Hakuna aliyejua. Karatasi zote zinasema tu "Alisi mke wa Rojeri", kana kwamba aliota pale shambani. Bwana Ashwold aliamini maisha yake yote kwamba Alisi alitoka nyumba ya Pelgrave, watu wakubwa wa wakati ule, wenye ardhi na askari, na kwamba baba yake ni Hamo Pelgrave. Lakini kuamini si kujua. Watu wawili kabla ya Wanja walijaribu wakashindwa.

Irshad alimwambia wazi. "Ukimpata baba wa Alisi, nakuandika kazi. Barua, muhuri, kila kitu. Huyu mzee akiridhika ana mabinamu wengi, na wote wana mababu. Usipompata sina kazi ya kukupa, na usinikasirikie."

Kwa hivyo mambo yalikuwa hivyo. Akimpata baba wa Alisi, anabaki. Asipompata, Jumapili anapanda ndege.

Alikuwa akiamka alfajiri kwenda Thika na kurudi jioni na macho mekundu. Chakula alikuwa anakipapasa tu. Siku kumi zikaenda. Njambi akipiga simu anauliza jambo moja, kama amenunua sanduku. Wanja anasema, "Bado maitu," halafu anarudi kwa makaratasi yake.

Jumatano moja hakwenda ofisini. Alikaa nami jikoni, mimi nikipika githeri, yeye akiwa na karatasi juu ya mapaja. Nikamwambia, "Nisomee basi. Hata kama sielewi, sauti yako itakusaidia."

Akanisomea. Akaniambia kule kwao mtu mwenye ardhi akifa, mfalme alituma watu waulize wanakijiji: marehemu alikuwa na mashamba gani, mrithi wake ni nani, ana miaka mingapi. Majibu yakaandikwa kwa ngozi ya kondoo.

"Hiyo ni barua ya chifu," nikamwambia.

"Barua ya chifu gani?"

"Si ile tulipeleka kortini Thika guka yako alipokufa? Chifu anaandika marehemu ameacha nani na nani."

Akanitazama. "Ee. Ni hiyo tu, cucu. Sasa ya Hamo Pelgrave inasema ameacha mvulana mmoja. Alisi hayumo."

"Alisi alikuwa ameolewa?"

"Alikuwa ameolewa."

"Na alikuwa na ndugu wa kiume?"

"Si ndiye huyo mmoja."

"Basi angewekwaje? Hata mama yako hakuwekwa kwa ya baba yake mpaka nikapiga kelele pale kwa chifu watu wakatoka nje kuangalia."

Akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na akaandika. Alisema kweli, kukosa kuandikwa si ushahidi kwamba hakuwa mtoto. Lakini pia si ushahidi kwamba alikuwa. Nikakoroga chungu. Halafu nikauliza kile ambacho mwanamke yeyote wa hapa angeuliza kwanza.

"Huyo Alisi alizaa?"

"Wavulana wawili."

"Wa kwanza anaitwa?"

"Wiliam."

"Na baba ya Rojeri alikuwa anaitwa nani?"

Alipekua karatasi. Alipekua polepole, halafu akaanza kupekua haraka. "Wiliam," akasema.

"Na wa pili?"

Alisimama na karatasi zote zikamwagika kwa sakafu.

"Hamo, cucu. Wa pili anaitwa Hamo."

"Basi mbona unahangaika? Baba ya Alisi ni Hamo. Mtoto amembeba kwa jina, nyinyi mnamtafuta kwa ngozi ya kondoo."

Ngai, alivyonikumbatia! Mwiko ulikuwa mkononi, githeri ikamwagika kwa mgongo wake na hakusikia moto. Aliniambia kule hilo jina Hamo si la kila mtu, hata Ashwold wote hawakuwa na Hamo kabla ya huyo mtoto. Halafu akatulia, akaniuliza kitu kimoja kwa makini sana, kama mtu wa kortini.

"Cucu, hii desturi ya majina huwa inavunjwa?"

Nikasema, "Haivunjwi."

Hapo wekeni kidole. Nitaparudia.

Kesho yake aliandika ripoti yake, na mwisho akaandika kwamba baba wa Alisi ni Hamo Pelgrave, hakika. Irshad akamwuliza, "Hakika hakika?" Wanja akasema hakika. Ikatumwa. Jumatatu Bwana Ashwold akapiga simu ya picha, na Wanja anasema mzee alikuwa analia, ile mashine ikipiga filimbi, akisema kwa miaka hamsini hakuna aliyefikiria kuangalia watoto. Alisema jina la Wanja litakuwa kwa ukurasa wa kwanza. Irshad akashuka dukani kwa baba yake akarudi na kitenge, akampa Wanja aniletee. "Mpe yule profesa wa Mwihoko," akasema. Barua ya kazi ingekuwa tayari Jumamosi.

Njambi alipoambiwa kwenye simu akasema, "Nitaamini nikiiona hiyo barua. Nzomo usimwambie kitu kwanza."

Siku mbili hizo Wanja alikula. Alilala. Alimfulia mama Mbinya mapazia. Nakumbuka nilishona kile kitenge nikajiona mtu.

Halafu Jumatano ikaja ile karatasi.

Wanja alikuwa ameiagiza mwanzoni kabisa, kutoka mahali wanapoweka maandishi ya kale huko Uingereza, na alikuwa ameshaisahau. Wakaipiga picha, wakaigeuza Kiingereza cha siku hizi, wakamtumia. Ilikuja kwake peke yake. Irshad hakuiona.

Nilijua kuna jambo kwa sababu aliingia na viatu mpaka kitandani kwangu akakaa. Jua lilikuwa bado juu. Nikamwambia, "Wajina, ni nini?" Akasema, "Nikusomee?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna maji.

Mambo yalikuwa hivi. Wiliam, yule mvulana mkubwa wa Alisi, alikufa mapema. Rojeri naye akafa. Shamba likabaki la yule mdogo, Hamo, lakini lilishikwa na mfalme hadi afike miaka ishirini na moja. Sasa cheti cha kuzaliwa hakuna. Kwa hivyo waliita wanaume kumi na wawili wa pale, wakaapa, na kila mmoja akasema anajuaje umri wa huyo kijana.

Hilo nalielewa vizuri. Vitambulisho vilipokuja, mama yangu alimwambia karani kwamba nilizaliwa mwaka mto ulipochukua daraja. Karani akaandika tarehe moja Januari na mwaka aliojitungia mwenyewe. Hata leo ndiyo siku yangu ya kuzaliwa.

Wanja akasoma. Mmoja alisema anajua kwa sababu wiki ile nyumba yake iliungua. Mwingine alisema siku ile alimzika mtoto wake, na akitoka makaburini akakutana na wanawake wakipeleka mtoto wa Alisi kubatizwa, kwa hivyo hawezi kusahau. Mwingine alikuwa ameanguka kutoka kwa gari la nyasi akavunjika mguu, na yule aliyekwenda kumwita mganga alirudi na habari kwamba kwa Rojeri amezaliwa mvulana. Walikuwa watu wa kawaida kabisa. Nilisahau kwamba ni wazungu.

"Wa tisa," Wanja akasema, na hapo sauti ikakauka. "Wa tisa alikuwa kanisani. Anasema aliona padri wa pale, jina lake Hamo, akimwinua mtoto kutoka kwa maji. Padri ndiye alikuwa baba wa ubatizo. Akampa jina lake mwenyewe."

Nikaketi kando yake.

"Kule kwao ndivyo walikuwa wakifanya, cucu. Nimesoma leo mchana kutwa. Yule anayemshika mtoto kwa ubatizo, huyo ndiye anatoa jina. Hawana hii yetu. Niliwachukua watu wa Uingereza nikawafanya Wakikuyu."

"Kwa hivyo baba wa Alisi si Hamo?"

"Anaweza kuwa Hamo. Anaweza kuwa mtu mwingine yeyote. Hajulikani. Amerudi pale alikuwa."

Akafunga simu akaiweka juu ya goti. Akasema polepole, "Hakuna mwingine ameiona. Nikiifuta, nabaki. Nikiituma, naenda."

Sasa nirudi pale mlipoweka kidole.

Desturi huvunjwa. Nilijua tangu ile siku ya githeri, mwiko ukiwa mkononi mwangu. Kijana wangu wa pili anaitwa Ndegwa. Alipaswa kuwa Kiama, jina la baba yangu. Siku nilipotaka kujifungua tulikuwa tunaishi kwenye kambi ya shamba la kahawa, mvua imenyesha siku tatu, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Dereva wa trekta ya shamba, mtu ambaye hata hatukuwa tumewahi kusalimiana vizuri, alinilaza kwenye trela juu ya magunia akanifikisha hospitali Thika. Matope yalimfika shingoni. Aliitwa Ndegwa. Mume wangu alimpokea mtoto, akasema huyu ni Ndegwa, na mimi sikukataa.

Baba yangu aliishi miaka kumi na moja zaidi. Kila akija alimsalimia mtoto kwa mkono, kama mgeni. Hakumbeba hata mara moja. Na baada ya huyo sikupata mvulana mwingine. Kwa hivyo jina la baba yangu haliko popote kwa watoto wangu, na mtu akinitafuta baada ya miaka mia saba akifuata majina, ataandika kwamba mimi ni binti wa dereva wa trekta.

Wanja aliniuliza inavunjwa, nikamwambia haivunjwi, kwa sababu uso wake ulikuwa umewaka na sikutaka uzimike.

Nilimwambia yote. Halafu akacheka, lakini hakikuwa kicheko.

"Cucu, si ungeniambia ile Jumatano?"

"Ningekwambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ubaki."

Njambi alikuja Alhamisi akitoka kazini, na sanduku jekundu kichwani. Aliambiwa, akalipuka.

"Padri? Padri gani? Huyo padri amekufa lini?"

"Maitu, si hoja amekufa lini."

"Ni hoja! Hao wote ni mavumbi. Huyo mzee naye yuko na mashine ya kupumua. Mwache akufe na furaha yake. Wewe ndiye uko hai, wewe ndiye unataka kula. Futa!"

"Kitabu kitachapishwa, maitu."

"Kichapishwe! Nani wa hapa Mwihoko atakisoma?" Akanigeukia. "Na wewe mama, mwambie."

Nikasema, "Mimi nilishamwambia uongo mmoja. Wa pili sina."

Njambi akaacha sanduku mlangoni akaenda bila kunywa chai. Hakuwa mbaya. Aliogopa pande zote mbili, huku njaa, kule Uarabuni, na mtu akiogopa hivyo anapiga kelele kwa yule aliye karibu.

Wanja alikaa na ile simu. Mara kadhaa niliona kidole chake kikienda pale pa kufuta, kikarudi. Nilikuwa nakata sukuma wiki na sikuinua uso. Baada ya muda akasema, kama anaongea na ukuta, "Huyu wa mguu."

"Nani?"

"Yule alivunjika mguu. Miaka ishirini na moja baadaye ndiyo aliitwa. Lazima alikuwa bado anachechemea. Akatembea na huo mguu mpaka mjini kwenda kuapa. Sasa mimi nimfute?"

Ijumaa asubuhi alivaa vizuri akaenda Thika.

Anasema Irshad alisoma karatasi yote akiwa amesimama, halafu akakaa. Chini, baba yake alikuwa anampimia mteja kitambaa, na ikasikika mkasi ukikata. Irshad akasema, "Wanja, ungekuwa mwongo kidogo tu. Kidogo tu." Lakini alisema akitabasamu vibaya, na ni yeye mwenyewe aliyebonyeza kuituma Uingereza. Akamwambia, "Huenda akaelewa. Huenda akasema tuendelee kutafuta."

Wakangoja. Saa sita, saa saba. Irshad akaenda msikitini akarudi. Saa tisa jibu likaja, mistari mitatu. Bwana Ashwold alimshukuru Wanja kwa ukweli. Akasema amechoka. Akaomba wasiendelee.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Hakukuwa na mabinamu tena. Irshad alimsindikiza hadi barabarani, akasema, "Mwambie cucu anisamehe," na Wanja anasema alitaka kumwuliza cucu amsamehe nini, lakini matatu ikaja.

Jumamosi tulipanga sanduku. Nguo za mikono mirefu, dawa ya meno, zile picha za chuo. Alitaka kuacha picha nikamwambia abebe. Mchana mama Mbinya akaja, amefunga kitambaa vizuri kama anaenda harusi, na kifurushi kidogo cha karatasi. Ndani kulikuwa na sweta na picha ya Mbinya akiwa darasa la nane.

"Sijui ni mji gani," akamwambia Wanja. "Lakini ukiona msichana anafanana na huyu, mwulize. Mwambie wewe ni wa hapa. Sema unamjua tangu akiwa na kamasi. Labda huko hakuna mtu anasema anamjua."

Wanja alipokea kwa mikono miwili. Mama Mbinya alipotoka, akakaa na kile kifurushi kama ameshikishwa mtoto wa mtu.

"Yule Hamo aliitiwa watu kumi na wawili," akaniambia. "Kumi na wawili, wa kusema huyu tunamjua, ni wa Alisi. Mimi kule nikipotea, cucu, ni nani?"

Nilitaka kumwambia mimi. Lakini mimi nitakuwa Mwihoko, nimekaa karibu na dirisha na simu juu yake. Nikaendelea kukunja nguo. Sijawahi kuona nguo zikikunjwa polepole hivyo.

Jumapili Njambi alikuwa zamu kazini Thika. Aliagana naye kwa simu, na wote wawili walikuwa wanasema "sawa, sawa, sawa" bila kitu kingine. Wanja hakuwa amelala tangu Jumatano. Saa nne asubuhi aliingia kwenye kitanda changu na nguo zake za safari, akaniambia, "Cucu, niamshe saa saba. Gari linakuja saa nane kasoro."

Saa saba nikaingia. Nikaketi pembeni. Alikuwa amegeukia ukuta. Nikamgusa bega.

"Wajina. Saa imefika."

Kimya.

"Wajina, nawa uso. Chai iko."

Nikainama nimwone. Macho yalikuwa wazi, yanatazama rangi iliyobambuka pale ukutani. Alikuwa macho kama mimi nilivyo macho sasa ninapoandika.

Probox ya Nzomo ikafika mapema. Ikapiga honi mara tatu. Watoto wa ploti wakakimbilia mlangoni. Nikamwita tena.

"Wanja. Gari."

Akasema, "Nimelala, cucu."

Nilikaa hapo kidogo. Halafu nikavuta blanketi nikamfunika mpaka shingoni, nikachukua leso yangu, nikatoka.

Nzomo alikuwa na wasichana wengine wawili kiti cha nyuma, wamekumbatia mikoba yao. "Cucu, yuko tayari?"

"Amelala."

"Amelala? Mwamshe!"

"Nimemwamsha. Amesema amelala."

Akashuka. Akacheka kwanza, akidhani ni mzaha wa wazee. Halafu akaacha kucheka. "Cucu, ndege haingoji. Mimi nikiondoka na hii pasipoti, hairudi hapa wiki hii, hata mwezi huu. Unaelewa?"

"Naelewa. Nenda nayo."

"Huyu msichana hana kazi. Mama yake amenililia. Atakula nini?"

"Sijui, baba," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Hata mimi sijui."

Akapiga simu kwa Njambi hapo hapo. Nilisikia sauti ya binti yangu ikitoka kwa simu kama kuku aliyeshikwa. Nzomo akaninyooshea nikaipokea. Njambi akasema, "Mama, mwamshe. Nakuomba. Mwamshe tu." Nikamwambia, "Nitakueleza ukitoka zamu." Akalia. Sikuwahi kumkatia simu Njambi maisha yangu yote, na siku hiyo sikumkatia, nilimrudishia Nzomo.

Gari likageuka, vumbi likaingia kwa nguo zilizoanikwa. Mama Mbinya alikuwa mlangoni kwake. Alitazama gari, akanitazama, akaingia ndani. Kifurushi chake kilikuwa bado juu ya meza yangu, na nilijua kesho nitalazimika kukipeleka, na sijui ningesema nini.

Nikarudi chumbani.

"Ameenda?" Wanja akauliza ukuta.

"Ameenda."

"Maitu amesema nini?"

"Analia."

Akavuta pumzi ndefu. Nikadhani atalia na yeye. Nikangoja. Nilipomtazama mdomo ulikuwa umeachama na mkono umeanguka nje ya kitanda, na safari hii alikuwa amelala kweli, usingizi wa siku nne.

Nilizima chai. Nikasukuma sanduku jekundu chini ya meza lisinitazame. Kazi hakuna, pasipoti hakuna, na baba wa Alisi hajulikani. Nikavua viatu nikajilaza upande wa ukingoni, mgongo kwa mgongo na wajina wangu, jua likiwa bado liko juu ya mabati. Simu ikaanza kulia jikoni. Nilijua ni Njambi. Nikasema nitainuka ikilia mara ya pili, nikasinzia.